Mtihani wa Chuo kwa Mtoto Anayesomea Nyumbani: Ulipe Upi, Uache Upi

Mtoto anayesomea nyumbani Marekani analipa ada ileile ya mtihani anayolipa mwenzake wa shuleni. Anachokosa ni ofisi ya shule. Hana mshauri wa wanafunzi wa kumkumbusha tarehe, kumsainia fomu, wala kumnong'oneza kwamba familia yake inastahili kusamehewa ada. Kazi hiyo yote ni ya mzazi, na mzazi akisahau kitu kimoja anatozwa.

Bei ninazotaja hapa ni za msimu wa 2024/25. Hupanda kidogo kidogo, kwa hiyo zitazame tena kabla hujatoa kadi.

Kwanza, je, mtihani wenyewe unahitajika? Inategemea chuo. Vyuo vya University of California havitazami kabisa alama za SAT wala ACT katika udahili. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022, na Dartmouth, Brown na Harvard zikafuata mwaka 2024. Vyuo vingi vingine vinamwachia mwombaji aamue. Hata hivyo, kwa mtoto wa nyumbani ningelipia mtihani mmoja. Alama zake zote zimeandikwa na mama au baba, na ofisa wa udahili hamjui mama wala baba. Anataka kuona karatasi moja iliyosahihishwa na mtu wa nje.

Kama pesa inatosha mtihani mmoja tu, chukua SAT. Ada ni dola 68, na maandalizi yake yanaweza kukugharimu sifuri. Programu ya Bluebook, ambayo ndiyo hiyohiyo ya siku ya mtihani, ina mitihani kamili ya mazoezi bila malipo. Khan Academy ina masomo ya bure yaliyoandaliwa pamoja na wenye mtihani. Kikokotoo kimo ndani ya programu. Mtihani wenyewe huchukua saa mbili na dakika 14, na alama ni kati ya 400 na 1600.

Huna kompyuta nzuri? Usikimbilie dukani. College Board, wenye SAT, humwazima mwanafunzi kifaa cha siku ya mtihani, mradi ajiandikishe na kukiomba angalau siku 30 kabla. Ukichelewa hapo, ndipo mtihani wa dola 68 unapogeuka kuwa wa mamia ya dola.

ACT haipishani sana na SAT kwa bei ya msingi. Insha ni ya hiari na inaongeza dola 25. Tangu 2025 sehemu ya sayansi nayo imekuwa ya hiari, kwa nyongeza ya dola chache. Usiilipie insha mpaka uone kwa macho yako kwamba chuo kinaitaka, maana vingi haviitaki. Faida moja ya ACT ni kwamba bado inafanyika kwa karatasi na penseli, wakati SAT imekuwa ya kompyuta nchini Marekani tangu Machi 2024. Mtoto anayechoka kusoma kwenye kioo atafurahi. Mpe mtihani mmoja wa mazoezi wa kila upande, Jumamosi mbili tofauti, mezani nyumbani, kwa saa ya ukutani. Alama zitakuonyesha uende wapi. Vyuo vinavyopokea alama havibagui kati ya hiyo miwili, kwa hiyo kulipia yote miwili ni kujitwisha gharama.

Wa tatu ni CLT, ulioanzishwa mwaka 2015 na kupendwa sana na familia za Kikristo zinazosomesha nyumbani. Mtoto anaweza kuufanyia nyumbani, msimamizi akimtazama kupitia kamera, na alama ya juu ni 120. Utaokoa mafuta na kuamka alfajiri. Lakini vyuo vinavyoupokea ni vichache mno ukilinganisha na vya SAT. Vyuo vikuu vya umma vya Florida vinaupokea tangu 2023. Kama uko jimbo jingine na shabaha yako ni chuo cha umma, soma orodha yao kwanza. Ada ya CLT hairudi kwa sababu hukusoma.

Sasa tuje kwenye tozo za ziada, maana huko ndiko pesa inakopotelea.

Kujiandikisha SAT baada ya tarehe ya kawaida ni dola 38 zaidi. Kubadilisha kituo ni dola 29. Piga hesabu: aliyechelewa, kisha akaona kituo kiko mbali akakibadili, amelipa dola 135 kwa mtihani uleule. Kupeleka alama vyuoni ni bure kwa vyuo vinne vya kwanza, mradi uvichague ndani ya siku tisa baada ya mtihani. Baada ya hapo kila chuo kina bei yake. Mzazi wa mtoto wa shuleni hukumbushwa jambo hili. Wewe liandike kwenye kalenda.

Kitambulisho kinawaumiza wengi. Mtoto wa nyumbani hana kadi ya shule. Pasipoti iliyo hai, au kitambulisho cha jimbo, inamaliza maneno. Asipokuwa navyo, kuna fomu ya utambulisho yenye picha ambayo lazima isainiwe mbele ya notari. Benki nyingi huwafanyia wateja wao kazi hiyo bure, kwa hiyo uliza benki yako kabla ya kwenda kulipia mtaani. Na kwa sisi wenye majina matatu: jina la kujiandikishia lifanane na lililo kwenye kitambulisho. Ukimwandikisha kwa jina la babu wakati pasipoti inamalizia na la baba, mlangoni anaweza kurudishwa, na ada hairudishwi.

Mahali pa kuandika namba ya shule, mtoto wa nyumbani anatumia 970000 kwa SAT na 969999 kwa ACT.

Viti navyo ni shida. Huko California kuna familia zimeendesha gari saa kadhaa, hata kulala hotelini, kwa sababu vituo vya karibu vilikuwa vimejaa. Ukijiandikisha miezi mitatu kabla, ada haipungui hata senti, ila unachagua kituo cha karibu.

Kipato kidogo? Usilipe kitu kabla hujauliza msamaha wa ada. Mwanafunzi wa darasa la 11 au 12 anayestahili chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu, au ambaye familia yake inapata msaada wa serikali, anaweza kufanya SAT mara mbili bure na kupeleka alama vyuoni bila kikomo. Vyuo vingi pia vinamsamehe ada ya maombi. Wa nyumbani hupitia kwa mshauri wa sekondari ya karibu, akiwa na uthibitisho wa kipato kama karatasi za kodi. Baadhi ya washauri hawajawahi kupata ombi la namna hii. Nenda mwenyewe na karatasi mkononi badala ya kupiga simu.

Kwa ndugu walio Nairobi au Dar es Salaam: SAT nje ya Marekani inaongezewa dola 43, na msamaha wa ada haumhusu mtoto anayeishi nje asiye raia wa Marekani. ACT huko ni zaidi ya mara mbili ya bei ya Marekani. Kwa aliye Afrika Mashariki sioni sababu ya kuichagua.

PSAT, mtihani wa maandalizi ya SAT, ni wa bei ya chini kuliko yote, dola 18, lakini huwezi kumwandikisha mtoto mtandaoni. Hufanyika shuleni tu, mwezi Oktoba, na shule ina hiari ya kukukubalia au kukukatalia, na ya kuongeza chochote juu ya ada. Wa darasa la 11 huingia kwenye shindano la National Merit, ambalo tuzo yake ni dola 2,500. Kama mazoezi yake yako juu kabisa, tafuta shule tangu Aprili au Mei. Kama yuko katikati, mazoezi ya Bluebook yanakupa habari ileile bure.

AP, mitihani ya masomo ya ngazi ya chuo, ni dola 99 kwa somo, na kuagiza baada ya katikati ya Novemba kunaongeza dola 40, ingawa mtihani wenyewe ni Mei. Hapa pia lazima upate shule ya kukupokea. CLEP, mtihani mwingine wa kupata krediti za chuo, iko karibu na dola 95 na ada ya kituo juu yake, ila ukimaliza kozi ya bure ya Modern States, wao wanakulipia mtihani. Kwa chuo cha umma cha kawaida, CLEP inaokoa pesa nyingi. Vyuo vyenye ushindani mkubwa vingi havitoi krediti kwa CLEP, na huko AP ina uzito zaidi. Ulizia chuo kwanza.

Walio Minnesota wana mpango wa PSEO: mtoto anasoma kozi halisi za chuo, karo na vitabu vikilipwa na jimbo, na wa nyumbani wanaruhusiwa. Alama za darasani kutoka chuo zinamshawishi ofisa wa udahili kuliko vyeti vitano vya AP, na hujatoa senti.

Kozi za kulipia za maandalizi ziache mpaka mtoto amalize mazoezi yote ya bure. Wengi hawayamalizi.

Kama yuko darasa la 11 na tarehe ya kawaida imeshapita, usilipe zile dola 38. Subiri mtihani unaofuata. Kama yuko la 12 na chuo kinafunga maombi Novemba 1, lipa leo na uchague kituo chochote chenye kiti.