Mafundi wa Buha Nao Watajwe

Historia ya sanaa ya nchi yetu imezoeleka kusimuliwa kwa mambo mawili: vinyago vya Wamakonde, na picha za Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini Tanzania haiishii pale wanapofika watalii.

Huko Buha, katika milima ya Kasulu na Kibondo, wafinyanzi, wasusi, wahunzi na wachonga ngoma wamerithishana ufundi tangu enzi za Mwami. Kwa kuwa kazi zao zilitumika jikoni na shambani, ziliitwa vyombo, hazikuitwa sanaa. Chungu kikiwa mekoni ni chombo tu; kikitiwa katika kabati la kioo Ulaya, mara kimekuwa sanaa, na jina la mama aliyekifinyanga halimo.

Mwaka 1994 maonyesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania yalifanyika Berlin na Munich. Kitabu chake kilipewa pia jina la Kiswahili, "Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika". Yalivunja dhana ya muda mrefu kwamba bara yetu haikuwa na wachongaji wa maana. Hata hivyo, mabingwa wenyewe wengi wao walibaki bila majina.

Ndugu zetu wa Visiwani wanalielewa jambo hili. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na milango yake inasifiwa kila pembe. Je, ni wachongaji wangapi wa milango ile tunaowajua kwa majina?

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitaka yatafutwe yaliyo mema katika mila za makabila yote. Agizo hilo halijatimia. Kwa hiyo tunashauri Maafisa Utamaduni wa wilaya waende vijijini na daftari: waandike jina la fundi, aliyemfundisha, mahali udongo unapochimbwa, na jina la chombo kwa Kiha. Makumbusho nayo yaweke jina la fundi chini ya kazi yake.

Watakaosema hakuna fedha wakumbuke kuwa daftari si ghali. Kilicho adimu ni wakati. Ndoo ya plastiki imekwisha kushika nafasi ya mtungi, na bibi akifariki bila mwanafunzi, elimu yake huzikwa naye.

Taifa lililokataa ubwana na utwana haliwezi kukubali sanaa ya mabwana na sanaa ya watwana. Hiyo ndiyo insafu tunayoidai.