Safari ya Atomu Ndani ya Jiwe

Mwanzoni mwa mwaka 2002, wauzaji wa vito duniani walijikuta na kitendawili. Safaya zenye rangi ya machungwa iliyochanganyika na waridi, rangi adimu na ya bei mbaya, zilikuwa zinamiminika sokoni kutoka Thailand. Baadhi zilichimbwa Madagascar, nyingine Songea, Tanzania. Ila hazikutoka ardhini na rangi ile. Zilikuwa zimeokwa kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,800 pamoja na madini yenye beriliamu, na atomu za beriliamu zikapenya ndani ya jiwe.

Tena si jiwe la kubonyezwa. Kwa ugumu, miongoni mwa vito maarufu, safaya hushindwa na almasi peke yake. Halikuyeyuka wala kupasuka. Atomu zilipitia wapi?

Ndani ya fuwele, atomu zimepangwa safu kwa safu, lakini hazikutulia. Zinatetemeka, na joto likipanda zinatetemeka zaidi. Tena safu hizo hazikosi mapengo. Ni sawa na daladala iliyoshona: hakuna anayesogea mpaka mmoja ashuke, kisha wa jirani anachukua nafasi yake, na pengo linahamia alikotoka. Atomu ndogo kama beriliamu hupenya kwa urahisi, pengine mpaka kiini cha jiwe. Titaniamu, iliyotumika zamani kutia safaya rangi ya buluu, kwa kawaida haikuvuka hata nusu milimita.

Mwaka 1855 Adolf Fick, daktari Mjerumani, aliandika kanuni ya mwendo huo: chembe husambaa kutoka zilikojaa kwenda zilikopungua. Kanuni hiyo ina ukali wake. Ili atomu zifike mbali mara mbili, muda unaohitajika ni mara nne. Ukitaka mara kumi, andaa muda mara mia.

Milima ya Upare na Usambara, Tanzania, imefanya kazi hiyo hiyo bila tanuri la mtu. Miamba yake mingi ilipikwa miaka milioni 640 hivi iliyopita, zaidi ya kilomita 30 chini ya ardhi, kwenye joto la nyuzi 800 au karibu na hapo. Kipande chake kikisagwa hadi kiwe chembamba kama karatasi na kuwekwa chini ya hadubini, mara nyingine huonekana jambo la kuvutia: punje ya piroksini, madini yenye chuma na magnesiamu, imevishwa ukosi mwembamba wa madini ya ganeti pale inapopakana na madini ya feldispa.

Ukosi huo ni mapatano ambayo hayakufika mwisho. Miamba ilipoanza kupoa huku bado imegandamizwa, piroksini na feldispa hazikuweza tena kukaa bega kwa bega. Chuma na magnesiamu vikatoka upande mmoja, kalsiamu na alumini upande wa pili, ganeti ikazaliwa katikati. Lakini kila ukosi uliponenepa, njia ya atomu ilirefuka, na joto nalo lilikuwa linashuka. Kwenye nyuzi 800, chuma na magnesiamu ndani ya ganeti husogea sehemu tu ya milimita kwa miaka milioni. Alumini ndiyo mkaidi kuliko zote. Mara nyingi haibanduki mbali na ilipokuwa. Mwishowe safari ikakwama, na madini matatu yakabaki yametazamana mpaka leo.

Kukwama huko ndiko kunakowafaa wanajiolojia. Mwaka 1998 Peter Appel, Andreas Möller na Volker Schenk walieleza kwamba kosi za aina hii mashariki mwa Tanzania zinaonyesha miamba ilipoa ikiwa bado kina kirefu. Ingeinuka haraka ikiwa ya moto, mgandamizo ungepungua kwanza, na ganeti ingelikuwa inaliwa badala ya kuota. Mimi naona ni ushahidi mzito kwa kitu kisichozidi unene wa ukucha.

Chombo cha kusomea ushahidi huo kilibuniwa na Mfaransa Raimond Castaing, aliyekieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1951. Mwale wa elektroni hulenga doa lenye upana wa takriban sehemu moja ya elfu ya milimita, na doa hujibu kwa miale ya eksirei inayotaja atomu zilizopo. Ukipita doa kwa doa kutoka kiini cha ganeti hadi ukingoni, mara nyingi magnesiamu hupungua na chuma huongezeka pembeni kabisa, kwa sababu ukingo uliendelea kubadilishana atomu na piroksini ya jirani wakati wa kupoa. Kwa hiyo anayepima ukingo peke yake hupata joto ambapo atomu ziliacha kusogea, na joto la juu kabisa lazima alitafute ndani zaidi, kwenye kiini cha punje kubwa.