Dragoni ya Uani: Zao Linalofanya Kazi Usiku

Ua la dragoni halisubiri mtu. Tumba lake huvimba kwa wiki kadhaa, kisha jioni moja, jua likishazama, petali nyeupe huanza kuachana. Ikifika saa nne usiku ua limechanua lote, urefu wake unakaribia sentimita 30, na harufu yake tamu imetapakaa bustanini. Jua la asubuhi likipanda, limenywea, na halifunguki tena. Kama chavua haikufika mahali pake katika saa hizo chache, ua hugeuka njano na kudondoka bila kuacha tunda.

Pale Kimbiji, jambo hili lina uzito wake. Kata hii ya mwambao wa kusini mwa Dar es Salaam, iliyokuwa Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya, ina wenyeji wake wavuvi na wakulima wa minazi, mikorosho na mihogo. Ina pia wenye viwanja wanaoishi mitaa ya jijini kama Sinza au Tabata, ambao hufika Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni, na safari yao imekuwa nyepesi tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016. Hawa wa pili hutafuta zao lisilotaka mtu ashinde nalo kila siku, na dragoni husifiwa kuwa ndilo: haiogopi jua, haidai maji mengi, hudumu miaka mingi. Kwa kiasi kikubwa hayo ni kweli mchana. Usiku mmea huu unataka mtu wa karibu, na ndiyo maana bustani ya nyumbani huufaa kuliko shamba la mbali.

Dragoni ni kaktasi, ndugu wa dungusi kakati. Asili yake ni kusini mwa Mexico na Amerika ya Kati, ambako hutambaa juu ya miti na miamba huku mizizi yake ya hewani ikishika magome. Wafaransa waliupeleka mmea huu Vietnam katika karne ya 19, na mikoa kama Bình Thuận ikaugeuza kuwa zao kubwa la biashara. Karibu jamii zote za kaktasi ni za Amerika. Moja tu, Rhipsalis baccifera, humea yenyewe barani Afrika, ikining'inia kwenye miti ya misitu yenye unyevunyevu, ikiwemo ya Afrika Mashariki. Dragoni nayo ni kaktasi ya msituni. Anayeichukulia kuwa mmea wa jangwa huinyima maji na mbolea, kisha hushangaa kwa nini imekaa mwaka mzima bila kurefuka.

Jinsi inavyokula hewa nayo ni ya usiku. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na maji hupotea papo hapo kwa joto. Dragoni haina majani. Ina shina nene la kijani lenye pembe tatu. Mchana hufunga vitundu vyake, na giza likiingia huvifungua, huvuta hewa ya ukaa na kuitunza ndani kama asidi mpaka jua litakapochomoza. Kwa njia hiyo hustahimili kiangazi cha Juni hadi Septemba ambacho huikausha michicha ya jirani.

Mchanga wa Kimbiji huisaidia kwa upande mmoja: maji hayatuami. Upande wa pili, mchanga huo hauna chakula. Shimo la upana wa nusu mita lijazwe udongo wa juu uliochanganywa na mboji au samadi iliyooza vizuri. Mbolea ya kuku ikiwa mbichi huunguza mizizi. Mizizi ya dragoni hukaa juujuu, kwa hiyo jembe lisipite karibu na shina. Magugu yang'olewe kwa mkono, na makumbi ya nazi yatandazwe kuzuia jua, ila yasiguse shina. Mahali ambapo maji ya masika husimama, panda kwenye tuta.

Maji yenyewe yanataka kuangaliwa. Chini kabisa ya ardhi ya Kimbiji kuna hazina kubwa ya maji baridi, na mradi wa maji ya visima virefu Kigamboni ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Novemba 2022, wakati jiji likiwa kwenye mgao kwa sababu Mto Ruvu ulikuwa umepungua. Visima vifupi vya karibu na ufuko ni habari nyingine. Vingi huingiliwa na maji ya bahari. Maji yanayoacha utando mweupe kwenye ndoo yasitumiwe kumwagilia miche. Miche michanga humwagiliwa mara moja au mbili kwa wiki wakati wa kiangazi. Iliyokomaa huongezewa maji inapotoa maua na kubeba matunda.

Kupanda kwa mbegu ni kujichelewesha: huchukua miaka mingi, na tunda huenda lisifanane na la mama. Watu hutumia pingili za shina, urefu wa sentimita 30 hadi 50, zilizokatwa kwenye mmea uliokwisha kuzaa. Pingili mbichi isipandwe siku hiyohiyo. Huwekwa kivulini kwa wiki nzima mpaka kidonda kikauke, la sivyo huoza. Upande uliokuwa chini ndio unaozikwa, sentimita tano hadi kumi tu. Pingili iliyopata matunzo huweza kutoa maua ya kwanza ndani ya mwaka mmoja hadi miwili.

Kazi inayokula pesa ni nguzo. Mmea uliokomaa hufikia makumi ya kilo, na nguzo ya mti wa kawaida huliwa na mchwa kabla dragoni haijaanza kuzaa sawasawa. Wakulima wengi duniani hutumia nguzo ya zege yenye nondo ndani, urefu wa mita mbili hivi, ikizikwa sentimita 50 au 60. Juu huwekwa nondo mbili zilizopishana, na juu yake tairi kuukuu. Kwa Kimbiji kuna tahadhari ya ziada: zege lisichanganywe kwa mchanga wa ufukweni, kwani chumvi hula nondo na nguzo hupasuka.

Miche mitatu au minne hupandwa kuizunguka nguzo, na nguzo hadi nguzo huachwa mita mbili na nusu au tatu. Kila mche huachiwa shina moja, machipukizi ya pembeni hukatwa, na shina hufungwa kwa kamba laini mpaka lipite katikati ya tairi. Hapo ncha hukatwa ili matawi mengi yachipue na kuning'inia pande zote kama mwavuli uliofunguka. Maua hutoka kwenye matawi hayo yanayoinama. Asiye na bajeti ya zege anaweza kutumia mti hai, kama wakulima wa viungo wa Unguja wanavyopandishia pilipili manga, mradi mti huo upogolewe mara kwa mara ili mwanga upite.

Kivuli kidogo nacho si dhambi. Katika jangwa la Negev, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion nchini Israel waliolijaribu zao hili kuanzia miaka ya 1980 waliona jua kali likibabua mashina, wakalazimika kutandika nyavu. Kimbiji kazi hiyo hufanywa na makuti mawili matatu juu ya miche katika miezi ya mwanzo, au na minazi iliyokwisha kuwepo.

Aina ya dragoni huamua kazi ya usiku itakuwa kubwa kiasi gani. Yenye ganda jekundu na nyama nyeupe ndiyo iliyoenea zaidi, na mimea yake mingi hujichavusha. Zenye nyama nyekundu ya zambarau huwa tamu zaidi na hupendwa sokoni, lakini nyingi hukataa chavua yao wenyewe. Hutaka chavua ya aina nyingine. Mtu anaweza kupanda pingili kumi za mmea mmoja, akaona maua kila mwezi wa msimu, asipate tunda hata moja. Ya ganda la njano, inayolimwa sana Colombia, hupendelea ubaridi na huchelewa kuiva, hivyo joto la pwani haliifai sana.

Huko Amerika, popo na nondo wakubwa wa usiku ndio wachavushaji wa dragoni. Hapa kwetu popo huitumikia mibuyu, lakini mgeni huyu hana uhakika wa wahudumu. Nyuki hufika alfajiri, ua likiwa limebakiwa na muda mfupi, na mara nyingi hukusanya chavua bila kugusa kijiti kirefu cha katikati kinachopaswa kuipokea. Mkono wa mtu ndio suluhisho. Wakulima wa vanila wa Kagera na Zanzibar hufanya kazi hiyohiyo kwa kila ua, wakitumia mbinu iliyobuniwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion. Vanila hutaka kijiti chembamba na macho makali; ua la dragoni ni kubwa kuliko kiganja, na mtoto wa shule hujifunza kulihudumia kwa usiku mmoja.

Kuanzia saa mbili au tatu usiku, bakuli kavu hushikwa chini ya ua, na nyuzi zake nyingi hutikiswa mpaka unga wa njano udondoke. Unga huo hupakwa kwa brashi laini kwenye ncha iliyogawanyika ya kijiti cha katikati, katika ua la aina nyingine. Unaobaki huwekwa kwenye chupa ndogo kavu ndani ya friji, utumike siku zinazofuata. Siku ya tano hivi, ua likikauka huku kitako chake kikibaki kijani, tunda limeshika.

Msimu wake hufuata urefu wa mchana. Kimbiji iko takriban digrii 7 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana wa Desemba na wa Juni haifiki saa moja, lakini mmea huihisi. Maua hutarajiwa zaidi katika miezi ya Novemba hadi Machi. Wakulima wa Vietnam huudanganya kwa kuwasha taa mashambani usiku, wakavuna nje ya msimu. Kwa bustani ya nguzo nne, bili ya umeme haingelipika.

Tunda huiva siku 30 hadi 40 baada ya uchavushaji. Halivunwi likiwa na rangi ya kijani kwa matumaini ya kulivundika kama ndizi, kwani utamu hauongezeki likishakatwa. Huachwa siku chache baada ya ganda kuwa jekundu lote. Siku hizo chache ndizo za vita: nzi wa matunda, anayewasumbua wenye miembe pwani nzima, na kunguru weusi, waliofika Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye kuvamia Dar es Salaam. Mfuko wa kitambaa chepesi cha neti uliofungwa kwenye kila tunda huwazuia wote wawili.

Masika huleta adui mwingine. Madoa ya rangi ya machungwa kwenye shina, yanayogeuka vidonda vya kahawia, ni ugonjwa wa ukungu. Sehemu hiyo hukatwa siku ya jua kwa kisu kilichofutwa spiriti, na mabaki huchomwa. Konokono wakubwa hutafuna machipukizi, nao huokotwa kwa tochi usiku, wakati uleule wa kukagua maua.

Mezani, tunda hupasuliwa katikati na kuliwa kwa kijiko, au husagwa juisi na ndimu. Lina maji mengi, nyuzinyuzi na sukari ya kiasi. Wauzaji wanaodai linatibu kisukari au shinikizo la damu wasisikilizwe. Anayekula lile jekundu kwa mara ya kwanza asiogope akiona mkojo wa rangi ya waridi kesho yake. Ni rangi ya tunda inayopita.

Kuhusu biashara, Vietnam ina somo. Nchi hiyo ilizoea kuuza sehemu kubwa ya dragoni yake China. Mwishoni mwa mwaka 2021 China ilipobana mipaka kwa sababu ya korona, malori yalikwama, bei ikaanguka, na wakulima wengine wakang'oa nguzo. China yenyewe ilikuwa tayari imepanda mashamba makubwa. Afrika Mashariki nayo inakumbuka homa ya mayai ya kware ya mwaka 2013 na 2014, ambapo waliotangulia walipata pesa kwa kuwauzia vifaranga waliochelewa. Katika zao jipya, pesa ya mwanzo huwa kwenye miche, na mnunuzi ana haki ya kuonyeshwa mmea mama ukiwa na matunda. Anayetaka kuleta pingili kutoka nje ya nchi huhitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA.

Mwenye nguzo tatu au nne hana haja ya kuwaza malori. Nguzo moja iliyokomaa na kutunzwa inaweza kutoa kilo 10 na zaidi kwa msimu, zikatosha nyumba na wateja wachache wa mtaani. Baada ya mavuno matawi hupogolewa, na hayo yasitupwe vichakani: Laikipia nchini Kenya, dungusi kakati lililoletwa kama pambo limefunika malisho ya mifugo. Pingili safi zigawiwe majirani, hasa wenye aina tofauti. Mwenye nyekundu na mwenye nyeupe wakiishi mtaa mmoja, simu ya saa mbili usiku inatosha. Chavua inavuka uzio ndani ya kikombe, na maua ya nyumba zote mbili yanashika.