Umeletewa vifaranga wa samaki? Usiwamwage bwawani moja kwa moja

Mfugaji anaponunua vifaranga 1,000 wa tilapia huwa tayari ametumia pesa nyingi. Bwawa limechimbwa, karatasi ya plastiki imetandazwa, maji yamejazwa na chakula kimenunuliwa. Kisha gari linafika, mfuko unakatwa, samaki wanamwagwa, na kesho yake asubuhi wengi wao wanaelea matumbo juu. Lawama huelekezwa kwa kituo kilichowauza, ilhali mara nyingi chanzo ni dakika 30 za kwanza pale kando ya bwawa.

Ufugaji wa samaki si jambo geni katika kaunti yetu. Mwaka 2009, kupitia Mpango wa Kuchochea Uchumi, serikali ya kitaifa ilianza kuchimba mabwawa 200 katika kila eneobunge kati ya 140 yaliyochaguliwa kote nchini. Kila bwawa lilikuwa la mita 300 za mraba, na lilipangiwa vifaranga 1,000. Baadaye Kiambu iliwekwa miongoni mwa kaunti 15 za mpango wa ABDP wa kuendeleza ufugaji wa samaki kibiashara, unaofadhiliwa kwa mkopo wa IFAD. Mkulima wa Ngoliba au Gatuanyaga ana nafasi ya bwawa la udongo. Mkazi wa Ruiru mwenye ploti ndogo hutumia tangi. Kanuni za kuwapokea vifaranga ni zile zile kwa wote wawili.

Ili kuelewa kanuni hizo, anza na mfuko wenyewe. Vifaranga husafirishwa katika mfuko wa plastiki wenye maji takriban theluthi moja, na sehemu iliyobaki hujazwa oksijeni. Safarini, tuseme kutoka Sagana hadi Thika, samaki wanapumua na kutoa uchafu humo humo. Hewa ya kaboni wanayoitoa huyafanya maji kuwa na asidi kidogo. Uchafu wao nao huleta amonia, ambayo ni sumu. Hata hivyo, maji yanapokuwa na asidi, sehemu kubwa ya amonia hiyo hubaki katika hali isiyowadhuru sana.

Ukifungua mfuko, hewa ya kaboni inatoroka, asidi inapungua na amonia ile ile inakuwa kali. Kwa hiyo mfuko uliofunguliwa usiachwe juani huku majirani wakiitwa kuja kutazama, wala usifunguliwe njiani eti samaki wapate hewa. Hewa waliyowekewa mfukoni inawatosha.

Mfuko ukifika, uelekezwe majini ukiwa bado umefungwa. Uache uelee kwa dakika 15 hadi 30, penye kivuli ikiwezekana, hadi joto la maji ya ndani lilingane na la nje. Huhitaji mtambo wowote: tia mkono ndani ya bwawa, kisha ushike mfuko. Mwenye kipimajoto atafanya vizuri zaidi, kwa sababu tofauti ya nyuzi chache tu humshtua kifaranga. Mfuko uliokaa kwenye buti ya gari katika foleni ya Thika Road unaweza kuwa na joto kuliko bwawa la Ruiru mwezi Julai.

Joto likishalingana, fungua mfuko na uchukue maji ya bwawa kwa kikombe, uyatie kidogo kidogo kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Kisha ulaze mdomo wa mfuko majini na uwaache samaki watoke wenyewe. Kwa tangi dogo, afadhali kuwachota kwa wavu laini na kumwaga maji ya mfuko shambani, kwa kuwa yana amonia na huenda yana vimelea.

Maji ya kuwapokea nayo yanahitaji maandalizi. Maji ya mfereji ya Thika na Ruiru hutiwa klorini ili kutukinga sisi na magonjwa, lakini klorini hiyo huunguza matamvua ya samaki. Yaache katika tangi wazi kwa siku moja au mbili, ukiyakoroga au ukiyapulizia hewa. Maji ya kisima kirefu hayana klorini, ila mara nyingi yana oksijeni kidogo mno, hivyo yaangushe kutoka juu yakiingia tangini. Na kama bwawa la udongo limetiwa chokaa, subiri wiki mbili.

Saa nzuri ya kuwaweka ni kama saa 2 au saa 3 asubuhi, jua likiwa bado pole. Alfajiri kabisa oksijeni huwa chini, na alasiri bwawa lenye maji ya kijani hupungukiwa asidi, jambo linaloipa amonia nguvu.

Wanaofuga samaki wa mapambo sebuleni wafuate hatua hizo hizo, pamoja na moja zaidi: tangi jipya halina bado bakteria wa kusafisha amonia, nao huchukua takriban wiki nne hadi sita kujijenga. Anza na samaki wawili watatu, hata kama watoto wanataka kumi.

Siku ya kwanza usiwape chakula. Kwa siku tatu zinazofuata, zunguka bwawa kila asubuhi, uwaondoe waliokufa na uandike idadi yao. Ikiwa vifo vinaongezeka badala ya kupungua, mpigie aliyekuuzia siku hiyo hiyo, kisha ufike kwa afisa wa uvuvi katika ofisi ya kilimo ya kaunti yako ndogo ukiwa na idadi hiyo na chupa ya maji ya bwawa.