Je, Wajua? Chanjo ya ng'ombe iliotesha miti Serengeti

Sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe, uliwaua pia nyumbu wa Serengeti kwa miongo mingi. Ng'ombe wa jirani na hifadhi walipochanjwa, nyumbu nao wakapona katika miaka ya 1960. Kutoka takriban 250,000 mwaka 1961, walipita milioni moja kufikia mwisho wa miaka ya 1970.

Chora mishale kutoka nyumbu hadi nyasi, kisha moto, kisha miti, uone kilichofuata. Nyumbu wakizidi, nyasi hupungua: weka alama ya kutoa. Nyasi zikizidi, moto wa kiangazi huwaka zaidi: weka ya kujumlisha. Moto ukizidi, miche ya miti huteketea: kutoa tena. Alama mbili za kutoa hufutana. Ndiyo maana nyumbu walipoongezeka, miti nayo iliongezeka. Ni ajabu kweli, kwani chanjo ililenga ng'ombe!

Sasa chora mshale wa kurudi, kutoka nyasi hadi nyumbu: nyasi zikizidi, nyumbu huzidi. Mzunguko umefungika, na una alama moja tu ya kutoa. Mzunguko wa namna hiyo hujizuia wenyewe. Malisho ya kiangazi yalipokuwa haba, idadi ya nyumbu ilitulia kwenye milioni 1.3 hivi.