Koanga: opera ya mtumwa Mwafrika na kazi ya kuipandisha jukwaani

Koanga ni opera ya Frederick Delius, mtunzi aliyezaliwa Bradford, Uingereza, mwaka 1862. Shujaa wake ni Mwafrika: mwana wa mfalme na kuhani wa vodou aliyeuzwa utumwani Louisiana katika karne ya 18. Delius aliimaliza mwaka 1897, lakini ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 30 Machi 1904, mjini Elberfeld, Ujerumani, ikiimbwa kwa Kijerumani katika tafsiri ya mkewe, Jelka Rosen. Tangu siku hiyo imepanda jukwaani mara chache mno. London iliiona mwaka 1935, mtunzi akiwa ameshafariki. Marekani, ambako kisa chenyewe kinatokea, ilisubiri hadi Desemba 1970.

Mwaka 1884 Delius alikwenda Florida kusimamia shamba la machungwa la Solano Grove, kando ya mto Saint Johns. Baba yake, mfanyabiashara wa sufi, alitumaini kijana angejifunza biashara. Kijana alijifunza muziki. Jioni aliwasikiliza wafanyakazi weusi wakiimba kwa sauti kadhaa zinazopatana, na wengi wao walikuwa wamezaliwa kabla utumwa haujafutwa mwaka 1865. Nyimbo hizo hazikumtoka masikioni maisha yake yote. Alipotafuta kisa cha opera, alikipata katika The Grandissimes, riwaya ya George Washington Cable iliyotoka mwaka 1880, na maneno ya kuimbwa yakaandikwa na Charles Francis Keary.

Kisa kinasimuliwa na mzee mtumwa kwa mabinti wa mabwana wa mashamba. Koanga anafikishwa shambani kwa Don José Martinez na kukataa kazi hata kwa kiboko. Martinez anaona wazi kwamba kiboko hakitamtikisa, basi anamwahidi Koanga kumwoza Palmyra, msichana chotara anayemtumikia mke wa bwana. Palmyra ni ndugu wa baba mmoja na mke huyo, siri ambayo nyumba nzima inaifunika. Perez, kapita wa shamba, naye anamtaka Palmyra, na siku ya harusi anamteka. Koanga anampiga bwana wake, anailaani ardhi na kutorokea kwenye kinamasi. Maradhi yanalikumba shamba. Koanga anarudi, anamuua Perez, anakamatwa na kupigwa hadi kufa, Palmyra anajiua.

Muziki wa opera hii ni wa Romantiki ya mwisho, mtindo uliotawala Ulaya kati ya miaka ya 1880 na Vita vya Kwanza vya Dunia. Watunzi wa kipindi hicho, wakimfuata Wagner, waliacha desturi ya wimbo mmoja kuisha, watu wakapiga makofi, kisha mwingine ukaanza. Muziki unatiririka bila kukatika, na okestra kubwa inaeleza yale ambayo mhusika hathubutu kuyasema. Delius alichanganya humo banjo, ala ambayo watumwa Waafrika waliibuni katika Karibi na Amerika Kaskazini kwa kumbukumbu ya ala za Afrika. Ngoma ya harusi, La Calinda, inapigwa katika matamasha hadi leo, na wengi wanaoipenda hawajawahi kuona hata sehemu moja ya opera yenyewe.

Kuna sababu za Koanga kuonyeshwa mara chache. Okestra kubwa ni gharama kubwa, na jumba la opera linalouza tiketi mwaka mzima hupendelea majina yanayojulikana, kama Carmen au Aida. Maneno ya Keary nayo ni mazito na ya kizamani. Ilibidi Douglas Craig na Andrew Page wayarekebishe katika miaka ya 1970. Ugumu mwingine ni swali la nani aimbe. Koanga wa Elberfeld alikuwa Clarence Whitehill na yule wa London John Brownlee, wazungu wote wawili. Mwaka 1970 mjini Washington, waimbaji weusi Eugene Holmes na Claudia Lindsey walishika nafasi za Koanga na Palmyra, kisha wakazirudia London mwaka 1972. Kuanzia hapo ilikuwa vigumu kwa yeyote kutetea mtindo wa zamani.

Kazi za namna hii huokolewa na matamasha. Mfano mzuri ni Wexford, mji mdogo wa Ireland wenye watu wapatao 20,000 ambao Bunia, mji mkuu wa mkoa wa Ituri nchini Congo, inauzidi mara kadhaa. Mwaka 1951 daktari Tom Walsh na wenzake walianzisha tamasha huko, likaja kujulikana kwa opera zilizosahauliwa. Watu wa mji wenyewe hujitolea kuwapokea wageni na kufanya kazi nyuma ya pazia. Mwaka 2008 jumba jipya lilifunguliwa, na mwaka 2015 ikafika zamu ya Koanga, chini ya kondakta Stephen Barlow na mwongozaji Michael Gieleta. Mmarekani Norman Garrett aliimba Koanga, naye Nozuko Teto wa Afrika Kusini akaimba Palmyra.

Kuandaa opera isiyojulikana huanza muda mrefu kabla ya pazia kufunguliwa. Kwanza hutafutwa nota, na kwa kazi adimu hapo ndipo taabu ilipo: nakala za kila mpiga ala huenda zimeandikwa kwa mkono, zina makosa, na hazilingani na nakala ya kondakta. Waimbaji nao hawana rekodi nyingi za kusikiliza, na hujifunza nafasi ndefu ambayo pengine hawataiimba tena maishani. Kwa majuma kadhaa mazoezi hufanywa kwa piano tu. Okestra huitwa mwishoni kwa sababu ndiyo ghali. Zaidi ya hayo, tamasha la Wexford huonyesha opera tatu zikipokezana jukwaa moja, leo hii na kesho nyingine, hivyo mapambo hutengenezwa yaweze kuondolewa upesi.

Taabu hizo zisimkatishe mtu tamaa: Congo ina ushahidi kwamba muziki mkubwa unaweza kuanzia mikono mitupu. Okestra ya kanisa la Wakimbangu iliundwa Kinshasa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa hilo. Violini hazikutosha, wachezaji wakapokezana. Nyuzi zilipokatika, waya za breki za baiskeli zilichukua nafasi yake. Filamu Kinshasa Symphony ya mwaka 2010 iliwaonyesha wakiandaa Simfonia ya Tisa ya Beethoven, kazi inayohitaji okestra na kwaya pamoja.

Kwa Bunia, kutafuta okestra ya Delius leo ni kujichosha bure. Lakini Koanga ni opera ya korasi kuliko ya waimbaji wawili: watumwa wakiamka alfajiri kwenda shambani, wageni wa harusi wakicheza. Hapo ndipo Delius alipoandika vizuri zaidi, na kazi hiyo inafaa korali za parokia na makanisa ya mji, zilizozoea kuimba kwa sauti nne. Kinanda kimoja kinaweza kushika nafasi ya okestra. Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, basi heri onyesho la mchana, watu warudi nyumbani mapema. Keary alifariki mwaka 1917 na Delius mwaka 1934, kwa hiyo katika nchi nyingi kazi yao ya asili haina tena mwenye haki. Atakayetumia maneno ya Craig na Page aombe ruhusa kwanza. Kiongozi wa korali anayetaka kujaribu aanze na korasi ya wafanyakazi katika sehemu ya kwanza.