Wauzao kwa simu waelezwe kodi iliyo yao



Nataka nieleze jambo linalowasumbua wananchi wengi wa bonde la Kilombero, na papo hapo niwaulize wahusika swali moja. Jambo lenyewe ni kodi ya watu wanaouza bidhaa kwa njia ya simu na mtandao.

Siku hizi mchele wa Ifakara haungojei lori la mnunuzi kutoka Dar es Salaam. Mama aliyeko Mbingu au Mngeta hupiga picha gunia lake, akaiweka katika kundi la WhatsApp, mteja wa Tabata akalipa kwa simu na mzigo ukapanda basi. Kambale wakavu huuzwa vivyo hivyo, na vitenge, na mikeka. Tangu daraja la Mto Kilombero lishike nafasi ya kivuko, hata ndugu zetu wa Ulanga na Malinyi wamo katika biashara hii. Vijana waliokuwa wakikaa vijiweni wamepata kazi, nami nawapongeza.

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania iliwataka wafanyabiashara wa mtandaoni wajisajili na kupata namba ya mlipakodi, yaani TIN. Hapo ndipo uvumi ulipoanza. Wako wanaosema kila atakayetuma picha ya bidhaa atatozwa. Wako wanaodhani imerudi ile tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 na kupigiwa kelele nchi nzima. Baadhi ya wenzetu wamefuta picha zao na kubadili namba za simu. Wazee nao wanakumbusha Kodi ya Maendeleo, ambayo mtu akisikia mgambo wanakuja alilala shambani. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, lakini hofu yake haikufutwa.

Ndugu wananchi, kuuza kwa simu hakukutungiwa kodi ya peke yake kwa mtu mdogo. Anayeuza mchele kwa picha anahesabiwa sawa na mwenye kibanda sokoni. Ile asilimia 2 ya huduma za kidijitali iliyoanza Julai 2022 inawahusu wenye kampuni za nje wanaouza huduma zao hapa nchini. Mama wa Mbingu haimhusu hata kidogo.

Kinachomhusu ni mauzo yake ya mwaka. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Ni kiwango kile kile kilichotumika Desemba 2018 vitambulisho vya wamachinga vilipotolewa kwa shilingi 20,000. Akizidi hapo lakini asivuke 7,000,000, asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni nne.

Mimi nafundisha hisabati darasa la sita, basi mniwie radhi nikilifanya jambo hili kama somo. Tuseme kilo ya mchele inauzwa shilingi 2,000. Gunia la kilo 100 ni shilingi 200,000, na magunia 20 yanafika milioni nne. Mama aliyeuza magunia 25 amefikisha milioni tano. Kama hana daftari, kodi yake ni 100,000. Kama analo, ni asilimia 3 ya milioni moja, yaani 30,000. Daftari la shilingi chache limemwokolea 70,000, ambazo kwa mwenye watoto watatu ni sare na viatu. Ajabu ni kwamba sijaona mkutano wa kijiji hata mmoja ambapo hesabu hii imeelezwa, ingawa mikutano ya kuhimiza watu kulipa ipo tele.

Tena kuna kasoro ambayo wakubwa hawana budi kuitazama. Kodi hii hukadiriwa kwa mauzo, si kwa faida. Mwenye saluni akipokea milioni tano, sehemu kubwa ni jasho lake. Muuza mchele akipokea milioni tano, sehemu kubwa ni ya mkulima aliyemuuzia, ya mashine ya kukoboa, ya magunia na ya nauli ya basi. Akibakiwa na shilingi 200 kwa kilo, faida ya magunia yale 25 ni 500,000. Ukichukua 100,000 humo, umechukua sehemu moja katika tano. Sisi walimu tunakatwa kodi katika mshahara kabla hatujaushika, wala sioni kwa nini mwenye biashara asamehewe. Ila kwetu mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi haukatwi kitu, na mama huyu faida yake ya mwaka mzima haifiki hata miezi miwili ya mshahara huo.

Hapa niwatahadharishe pia walimu wenzangu na wauguzi, maana tumo wengi katika biashara hii. Utaratibu huo wa viwango vya wadogo umewekwa kwa mtu ambaye pato lake lote linatoka katika biashara. Mwenye mshahara pamoja na duka la mtandaoni pembeni hawekwi katika fungu hilo. Yeye hutakiwa kupeleka ritani na kutozwa kwa faida yake, hivyo risiti za manunuzi kwake ni muhimu zaidi. Asijifiche nyuma ya ile milioni nne.

Jambo jingine ni simu zenyewe. Katika simu moja zinapita fedha za mchele, michango ya msiba, fedha za upatu na nauli aliyotumiwa mtoto aliyeko shule ya bweni. Ofisa akizitazama pamoja, mama maskini anaonekana tajiri. Ningeshauri kila muuzaji awe na laini ya pekee ya biashara, na jioni aandike kilichouzwa, kwa nani, kwa bei gani, na alichonunulia. Mwenye kidato cha nne katika nyumba anaweza kumwandikia mama yake. Namba ya TIN hutolewa bure, kwa hiyo anayedai fedha ili akuombee hiyo namba ajulikane kuwa anajilipa mwenyewe.

Wapo pia wanaochanganya kodi hii na ushuru wa mazao wa halmashauri. Hayo ni mambo mawili. Mwaka 2017 Serikali iliondoa ushuru kwa mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Gunia lake lililo juu ya basi halina sababu ya kusimamishwa njiani.

Ombi langu kwa Mamlaka ni kwamba maofisa wake waje siku za gulio, Mang'ula, Ifakara na Mlimba, wakae chini ya mwembe na mfano wa daftari mkononi, wazungumze Kiswahili cha kawaida. Tangazo la mtandaoni halimfikii mwenye simu ya tochi anayeuza kupitia simu ya mwanawe.

Na swali langu ndilo hili. Wako vijana wasionunua mchele hata kilo moja. Wanatangaza magunia ya wakulima, fedha zote zinaingia kwao, wanabaki na shilingi 5,000 kwa gunia na nyingine wanampelekea mwenye mali. Je, mauzo ya kijana huyu yatahesabiwa 200,000 au 5,000, na aonyeshe karatasi gani ili aaminiwe? Tunaomba wahusika watujibu katika ukurasa huu huu kabla ya mavuno.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilombero, Morogoro.